Aliyekaa nyuma ya kioo: rangi, jinsia na tabaka katika vipindi vya uhalisia

Ugomvi ulianzia kwenye vidonge vya kuungia mchuzi. Ilikuwa Januari 2007, katika nyumba ya Celebrity Big Brother nchini Uingereza, kipindi cha runinga ambamo watu maarufu hukaa pamoja mbele ya kamera na watazamaji hupiga kura nani atoke, na wanawake wawili walikuwa wakizozana juu ya vidonge vya Oxo vilivyoagizwa pamoja na chakula cha nyumba. Mmoja wao alikuwa Shilpa Shetty, nyota wa filamu kutoka Mumbai, aliyekuwa akijibu kwa Kiingereza kilichonyooka, kila neno likitamkwa hadi silabi ya mwisho. Mwenzake alikuwa Jade Goody, binti wa Bermondsey, kusini mwa London, aliyewahi kufanya kazi ya kumsaidia daktari wa meno, naye alikuwa akipiga kelele kwa nguvu zake zote. Kando yao kulikuwa na wengine waliokuwa wakicheka.

Vidonge vile vilikuwa kisingizio. Katika siku hizo lafudhi ya Shilpa iliigizwa kwa kejeli, chakula alichopika kikasemwa, mshiriki mmoja akadai kwamba haijulikani mikono yake imepita wapi kabla ya kugusa chakula cha wenzake, na Jade akamwita "Shilpa Poppadom", akitumia jina la kile kichapati kikavu cha Kihindi kinacholiwa kwa achari. Ofcom, mamlaka inayosimamia utangazaji nchini humo, ilipokea malalamiko yapatayo 44,500. Kampuni ya Carphone Warehouse, iliyokuwa mdhamini, ilisitisha udhamini wake. Mjini Patna waandamanaji walichoma sanamu barabarani. Gordon Brown, wakati huo Waziri wa Fedha, alikuwa ziarani India na akajikuta akiulizwa habari za kipindi cha runinga, huku Waziri Mkuu Tony Blair akiulizwa hayo hayo bungeni London. Tarehe 19 Januari Jade alitolewa kwa asilimia 82 ya kura, na siku tisa baadaye Shilpa akatawazwa mshindi kwa asilimia 63.

Kwa watu wengi kisa kiliishia hapo: mkorofi katoka, mwungwana kashinda, Waingereza wamejionyesha kuwa hawapendi ubaguzi. Mimi nadhani hapo ndipo kinapoanzia, na ndiyo sababu nimekichagua kati ya visa vingi ambavyo ningeweza kuvisimulia. Hakuna kisa kingine ninachokifahamu ambacho rangi, jinsia na tabaka vilikutana waziwazi kiasi hicho, na hakuna kingine kinachoonyesha vizuri zaidi jinsi vipindi hivi vinavyofanya kazi: vinauchukua ubaguzi ambao tayari umo katika jamii, vinaugawa kwa washiriki kama mtu anayegawa nguo za maigizo, kisha lawama inapokuja vinamwachia mshiriki mmoja, mara nyingi mwanamke na mara nyingi aliyetoka kwa maskini, aibebe peke yake.

Turudi kwanza kwenye nyumba yenyewe. Big Brother ilibuniwa Uholanzi na John de Mol, ikarushwa kwa mara ya kwanza mwaka 1999, na tangu mwanzo nyumba yake ilikuwa na vioo vingi ukutani. Mshiriki anayejitazama kwenye kioo anaona uso wake. Upande wa pili, katika ujia wenye giza, amesimama mpigapicha anayemwona yeye. Kamera hazilali, na kila siku zinazalisha picha za saa nyingi kutoka kila chumba, lakini mtazamaji wa jioni anapewa takriban saa moja. Yaani kwa kila dakika tuliyoiona, zipo dakika nyingi sana ambazo mtu fulani aliamua tusizione. Huyo ndiye anayetengeneza kile tunachokiita tabia ya mshiriki. Mtu aliyecheka mara kumi na kulia mara moja anaweza kuwa mchekeshaji au mlialia, kutegemea mkasi umepita wapi. Nalisema hili bila kudai kwamba maneno ya Jade yalitungwa na wahariri, kwani aliyasema kwa kinywa chake na yalikuwa maneno machafu. Ninalodai ni kwamba kabla hajayasema, mambo mengi yalikuwa yamekwisha kuamuliwa kwa niaba yake.

Uamuzi wa kwanza ulifanyika miaka mitano kabla. Jade aliingia katika Big Brother ya kawaida mwaka 2002, akiwa na umri wa miaka 20. Alidhani Cambridge ni sehemu ya London. Aliposikia jina la eneo la East Anglia alilisikia kama "East Angular", akafikiri ni nchi ya ng'ambo. Magazeti yalimwita nguruwe, kwa herufi kubwa, na watu wazima wenye elimu zao wakaona ni jambo la kuchekesha. Ni wachache waliojiuliza ilikuwaje binti aliyezaliwa na kusoma kilomita chache tu kutoka Bunge la Uingereza amalize shule bila kuijua ramani ya nchi yake. Utoto wake ulijulikana baadaye: mama yake alipata ajali ya pikipiki na kupoteza uwezo wa kutumia mkono mmoja Jade akiwa na miaka mitano hivi, na mtoto huyo akawa ndiye mlezi wa mzazi wake; baba yake alikuwa mraibu wa dawa za kulevya aliyeingia na kutoka gerezani. Mtoto anayempikia na kumvisha mama yake kabla ya kwenda shule hana nafasi sawa na mwenzake mbele ya ramani. Lakini kipindi hakikuhitaji maelezo hayo. Kilihitaji mjinga wa kuchekwa, na umaskini ukageuzwa kuwa upungufu wa akili.

Akamaliza wa nne, na kuanzia hapo akalipwa kwa kuwa vile vile alivyokuwa. Akatoa kitabu cha maisha yake, video ya mazoezi, manukato yaliyoitwa "Shh...", na vipindi vyake mwenyewe. Kwa miaka mitano tasnia nzima ilimwambia kwamba thamani yake iko katika kupayuka, kwamba siku atakapopima maneno kabla ya kuyasema hatakuwa na cha kuuza. Msichana wa tabaka lake alikuwa na bidhaa moja tu, nayo ni nafsi yake, na alikuwa ameambiwa ni kipande kipi cha nafsi hiyo kinachonunuliwa.

Halafu ikaja Januari 2007, na kuna jambo la siku za mwanzo ambalo wengi wamelisahau, ingawa kwangu ndilo ufunguo wa yote. Jade hakuingizwa peke yake. Aliingizwa pamoja na mama yake na mpenzi wake, na watayarishaji wakaigawa nyumba pande mbili: familia ya Jade ikakaa kama mabwana, na wasanii waliotangulia wakafanywa watumishi wa kuwapikia na kuwahudumia. Mwanamuziki mmoja kijana, Donny Tourette, aliruka ukuta akaondoka kuliko kuwatumikia. Mwongozaji mkongwe wa filamu, Ken Russell, naye akaondoka baada ya kutoelewana na Jade. Mchezo wenyewe ulikuwa huo: maskini kavishwa taji, na kichekesho ni kwamba taji halimkai. Na miongoni mwa watumishi alikuwemo Shilpa, mwanamke ambaye kwao India ni mtu wa heshima na uwezo, aliyekuwa na jina ambalo mama yake Jade alishindwa, au hakujali, kulitamka.

Hebu tuangalie kilichopangwa pale. Wanawake wawili, mmoja mweupe machoni pa watu na wa tabaka la chini, mwingine wa rangi ya kahawia na wa tabaka la juu, wamewekwa katika nyumba isiyo na pa kukimbilia, baada ya ngazi ya jamii kupinduliwa kwa makusudi ili igombaniwe. Jade hakuwa na elimu, lafudhi wala utulivu wa mwenzake, na alijua kwamba kila mtazamaji anawapima. Kitu pekee ambacho jamii yake ilikuwa imempa kama mtaji dhidi ya mwanamke kama Shilpa ni rangi na uenyeji, na alipobanwa akautumia. Kusema hivi si kumtetea. Ubaguzi wa rangi una historia hiyo hasa: ndiyo sarafu ambayo maskini mweupe amekuwa akipewa badala ya mshahara mzuri. Lakini kipindi kilipotuonyesha sarafu hiyo ikitumika, kilituficha aliyeichapa.

Na hata rangi yenyewe iligawiwa. Baba yake Jade alikuwa na asili mchanganyiko, akiwa na damu ya watu weusi upande mmoja. Katika nchi nyingine, au katika kipindi kingine, Jade angeweza kupangiwa nafasi ya mwanamke mwenye asili ya Afrika na Karibiani, na hasira yake ingesomwa kwa namna nyingine kabisa. Katika hadithi hii nafasi ya mbaguzi mweupe ilikuwa wazi, na yeye ndiye aliyekuwepo. Jambo hilo halikufutwa kwa uongo. Liliachwa tu pembeni, kwa sababu lingeichafua picha ambayo ilikuwa imenyooka.

Upande wa Shilpa nao unastahili kutazamwa, kwa maana tumezoea kuona kwamba aliyeshinda hana tatizo. Alishinda kwa kuwa alitukanwa na hakutukana, alilia kwa staha, akasamehe hadharani. Nampa heshima yake yote kwa hilo. Hata hivyo najiuliza ingekuwaje kama mwanamke yule wa Kihindi angekuwa mfagiaji wa hoteli kutoka Southall, mtaa wa London wenye Wahindi wengi, mwenye Kiingereza cha kubabaisha na ulimi mkali, aliyejibu tusi kwa tusi. Je, simu za malalamiko zingefika 44,500? Nina shaka. Mwanamke wa rangi anayedhulumiwa mbele ya kamera huhurumiwa kwa masharti, na sharti la kwanza ni kwamba asipandishe sauti.

Marekani walikuwa wameshalionyesha hilo miaka mitatu kabla. Katika msimu wa kwanza wa The Apprentice, mwaka 2004, Omarosa Manigault, mwanamke mweusi aliyekulia katika umaskini huko Youngstown, Ohio, na ambaye alikuwa amewahi kufanya kazi Ikulu ya Marekani, aliingia kwenye mashindano ya biashara akashindana kwa ukali, kama walivyoshindana wanaume. Mwanamume aliyefanya hivyo aliitwa mwenye uchu wa mafanikio. Yeye akawa mwovu wa msimu, na jina lake likageuka kuwa kipimo ambacho wanawake weusi waliofuata katika vipindi vingine walipimwa nacho. Picha ya mwanamke mweusi mwenye hasira ni ya zamani kuliko runinga. Runinga iliikuta njiani ikaipa mshahara.

Rudi London. Mei 2007 Ofcom ilitoa uamuzi wake, nao haukumhusu Jade. Ulikihusu kituo cha Channel 4, kilichokuwa kikirusha kipindi kile na kilichoonekana kuwa kimevunja kanuni za utangazaji kwa namna kilivyolishughulikia jambo lile, na kikaamriwa kutangaza matokeo ya uchunguzi huo hewani. Mamlaka ile iliweka lawama mahali pake kwa maandishi. Lakini maandishi ya mamlaka hayachomwi sanamu barabarani. Aliyepoteza kazi, aliyeondolewa manukato yake madukani, aliyelia kwenye magazeti akiomba radhi, ni mtu mmoja. Kituo kiliahidi kutoa kwa hisani faida ya simu za kura zilizomtoa, na mwaka huo huo, katikati ya mwaka, msimu mpya wa Big Brother ukaanza kama kawaida.

Naomba msomaji asilipite jambo hili haraka, kwa sababu ndilo kiini cha ninachotaka kusema. Tabaka la Jade lilitumika kufua rangi ya wengine. Kwa kumfanya yeye kuwa sura ya ubaguzi, Uingereza ya watu wenye nafasi ilijiambia kwamba ubaguzi ni ugonjwa wa wasiosoma, wa wanawake wanaopayuka, wa watu wa nyumba za manispaa. Wakurugenzi waliopanga nani akae na nani, wanasheria waliosoma kanuni, wahariri waliochagua dakika ipi irushwe, wote walikuwa watu waliosoma vizuri na ambao hawangeweza kamwe kutamka neno "Poppadom" kama tusi. Hawakuhitaji kulitamka. Walikuwa na mtu wa kuwatamkia.

Kilichofuata kinauma kukisimulia. Agosti 2008 Jade alikwenda India kushiriki Bigg Boss, toleo la Big Brother la huko, katika msimu ambao mtangazaji wake alikuwa Shilpa Shetty mwenyewe. Akiwa ndani ya nyumba hiyo aliitwa kwenye chumba cha mazungumzo, kamera zikiwaka, akaambiwa kwa simu kutoka kwao kwamba vipimo vimeonyesha ana saratani ya shingo ya kizazi. Alirudi Uingereza. Februari 2009 aliolewa na yule mpenzi wake, akaiuza haki ya picha za harusi na za siku zake za mwisho, na alisema wazi kwamba fedha hizo ni za kuwasomesha watoto wake wawili wa kiume ili wasiwe kama yeye. Alifariki tarehe 22 Machi 2009 akiwa na miaka 27. Kuna waliomshutumu kwa kuuza kifo chake. Nadhani walikosea anwani ya shutuma zao: mwanamke ambaye tangu ujana hakuruhusiwa kuwa na mali nyingine ila maisha yake, aliuza kilichobaki. Na alikiuza kwa faida ambayo hakuna mtayarishaji aliyeipanga, kwani kati ya katikati ya 2008 na katikati ya 2009 wanawake zaidi ya 400,000 juu ya idadi iliyotarajiwa walikwenda kupima saratani hiyo nchini Uingereza. Wengi wao walikuwa wanawake vijana, wale wale ambao kampeni za hospitali zilikuwa zikiwatafuta bila kuwapata.

Watetezi wa vipindi hivi husema kwamba havifanyi lolote ila kuonyesha kilichopo. Hoja hiyo ilipimwa mahakamani, na waliopima ni upande wa utetezi wenyewe. Mwaka 2012 wanaume wawili weusi walikishtaki kituo cha ABC cha Marekani kwamba kipindi cha The Bachelor, ambamo mwanamume mmoja huchagua mchumba kati ya wanawake wengi na ambacho kilianza mwaka 2002, hakijawahi kumweka mtu mweusi kuwa mhusika mkuu, na kwamba huo ni ubaguzi katika ajira. Jaji aliitupa kesi hiyo. Sababu aliyoitoa inastahili kusomwa polepole: uteuzi wa washiriki ni sehemu ya maudhui ya kipindi, kwa hiyo unalindwa na uhuru wa kujieleza unaotajwa katika Katiba. Kwa maneno mengine, sheria imekubali kwamba kumchagua nani apendwe hewani ni kusema jambo. Ilichukua hadi mwaka 2017 kwa mwanamke mweusi wa kwanza, Rachel Lindsay, kuongoza The Bachelorette, toleo ambamo mwanamke ndiye anayechagua, na hadi mwaka 2021 kwa mwanamume mweusi wa kwanza, Matt James, kuongoza The Bachelor. Ikiwa uteuzi ni usemi, basi kwa karibu miongo miwili kipindi kilisema jambo lile lile kila msimu, nalo ni kwamba mtu mweusi anaweza kualikwa kwenye mapenzi lakini hawezi kuwa mwenye karamu.

Huku kwetu mambo haya tuliyapokea mapema kuliko wengi wanavyokumbuka. Big Brother Africa ilianza Mei 2003: washiriki 12 kutoka nchi 12, siku 106 katika nyumba moja Johannesburg, zawadi dola 100,000, na mshindi akawa Cherise Makubale wa Zambia. Tanzania ilimtuma Mwisho Mwampamba, Kenya ikamtuma Alex Holi, Uganda ikamtuma Gaetano Kagwa. Lilikuwa jambo kubwa na sitaki kulidogosha. Kwa mara ya kwanza vijana wa Afrika walionekana kila siku, kwa miezi mitatu na zaidi, wakipika, wakigombana na kupendana, bila kuwa wakimbizi wala wagonjwa katika habari ya mtu mwingine. Rangi ambayo London ilikuwa jambo la kuvutana, Johannesburg ilikuwa hewa tu ya kawaida.

Tabaka, hata hivyo, liliingia kwa mlango wa mbele na hakuna aliyeligutukia. Lugha ya nyumba ilikuwa Kiingereza, na hilo peke yake liliwachuja Waafrika wengi kabla fomu haijajazwa. Walioingia walikuwa vijana wa mjini wenye pasipoti na uwezo wa kuiacha kazi au chuo kwa miezi mitatu. Matangazo ya saa 24 yalikuwa ya wenye dishi na fedha ya kulipia kila mwezi. Mjadala wetu ulikuwa wapi? Ulikuwa bafuni. Agosti mwaka huo Bunge la Malawi lilipiga marufuku kipindi hicho kwenye runinga ya taifa kwa sababu ya maadili, marufuku ambayo baadaye Mahakama Kuu iliiondoa. Rais Sam Nujoma wa Namibia naye alitaka runinga ya umma ya nchi yake iache kukionyesha. Miili ya wanawake waliokuwa wakioga ndiyo iliyojadiliwa bungeni. Na marufuku yenyewe iliwagusa waliotazama runinga ya bure, kwa maana mwenye dishi lake aliendelea kutazama. Maadili ya maskini yalilindwa, na ya tajiri yakaachiwa mwenyewe.

Miaka 20 baadaye, Februari 2023, Showmax, huduma ya kutazama filamu na vipindi kwa mtandao, ilizindua The Real Housewives of Nairobi, mtoto wa familia kubwa iliyozaliwa California mwaka 2006. Hapo tabaka halifichwi tena, linapambwa. Jina linawaita wanawake hao mama wa nyumbani, wale ambao mtaani kwetu tunawaita magolikipa, ingawa washiriki ni wafanyabiashara na watu maarufu wenye vipato vyao, na mmoja wao, Sonal Maherali, ni Mkenya mwenye asili ya Asia. Ningependa msomaji akitazame kipindi hicho, au kingine chochote cha aina yake, akiwa na swali moja tu: katika nyumba hii, nani anaosha glasi? Mali inayoonyeshwa haiwezi kusimama siku moja bila dada wa kazi, dereva, mlinzi na mtunza bustani. Mwanamke tajiri anapewa kiti cha mahojiano ya pembeni aeleze kilichomuumiza. Anayemfulia hana kiti hicho, na kwa hiyo hana moyo unaoweza kuumia hewani. Wanawake wenyewe wanagombanishwa juu ya mume, umri na mkoba, kana kwamba hakuna jambo jingine ambalo mwanamke mwenye fedha anaweza kuligombania katika jiji la Nairobi.

Nimetaja mapungufu mengi, na haki inanitaka nitaje kipindi kilichojaribu njia nyingine. Maisha Plus kilianza Tanzania mwaka 2009, kikiongozwa na mchora katuni na mtangazaji Masoud Kipanya. Badala ya jumba la kifahari, vijana walipelekwa kijijini kuishi maisha ya kuteka maji, kukata kuni, kulima na kujipikia, na lugha ikawa Kiswahili. Baadaye shindano la Mama Shujaa wa Chakula, lililoanzishwa na Oxfam mwaka 2011, liliunganishwa nacho, na wanawake wakulima kutoka mikoani wakaingia kijijini humo kama washindani wanaopigiwa kura. Mapinduzi yake yalikuwa ya kimya. Mwanamke wa makamo, mwenye kitenge na mikono iliyokomaa, ambaye runinga yetu ilizoea kumwonyesha akipokea msaada, aliwekwa mbele ya kamera kama mtu anayejua kazi. Kipindi kile nacho kilikuwa na wahariri wake na wadhamini wake, na kura bado ililipiwa kwa ujumbe wa simu, kwa hiyo simpi mtu yeyote cheti cha utakatifu. Nasema tu kwamba mtu alipoamua upya nani aingie, mambo mengine mengi yalibadilika bila kulazimishwa.

Nililiona badiliko hilo sebuleni. Mwaka 2003 mtaani kwetu Dar es Salaam kulikuwa na nyumba moja yenye dishi, na jioni tulijazana pale kumtazama Mwisho, wengine kwenye makochi na watoto sakafuni. Dada wa kazi wa nyumba ile alikuwa akitazama akiwa amesimama mlangoni, kati ya jikoni na sebule, kitambaa cha sahani mkononi. Mara kwa mara aliuliza, "Wanasemaje?" na sisi tuliokuwa tukijisifu kwa Kiingereza tulimwambia anyamaze, tusije tukapitwa.

Miaka sita baadaye, katika sebule ile ile, Maisha Plus ilikuwa hewani na dada alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, mbele yetu sote, kazi za jikoni akiwa ameziacha. Kijana mmoja wa mjini alikuwa akihangaika na jembe katika udongo mkavu. "Huyo hajawahi kulima," dada akasema. "Angalieni anavyoukaba mpini, kesho mikono itakuwa malengelenge." Mwenye nyumba akamwuliza mpini hushikwaje. Dada akasimama, akachukua ufagio uliokuwa nyuma ya mlango, akatanua miguu kidogo, akatuonyesha, na kwa muda ule hakuna aliyekuwa akitazama runinga.